Maruhubi: Nguzo Zipo, Wenyewe Hawapo

Mtu wangu, ukifika Unguja usiishie Forodhani. Panda gari ya Bububu, teremka Maruhubi. Sultani Barghash alijenga kasri hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto ukaliteketeza mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene, hamamu na miembe ya bustanini.

Mtembezaji akatusimulia eti humo waliwekwa masuria 99. Washikaji wakapiga miluzi. Mimi nikanywea. Kwetu Machochwe babu alikuwa na wake wanne, lakini kila mmoja na nyumba yake. Bibi akinuna anafunga mlango, babu anabisha hodi mpaka jogoo anawika. Sasa hawa 99 wangefunga mlango gani?

Nikanunua dafu, nikakaa chini ya mwembe. Sikulimaliza.