Sikio la Fundi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mjini Machakos, chini ya milima ya Iveti, fundi mmoja mzee hutunza MGB GT, gari la Kiingereza la safari ndefu lililozinduliwa mwaka 1965. Lina milango miwili, injini ya silinda nne na kabureta mbili za SU. Bodi haina kutu, na vumbi jekundu hufutwa kila jioni.

Hata hivyo, uhai wa gari hilo haumo katika rangi yake. Ili kabureta zivute hewa sawasawa, mzee hutia ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Husikiliza mvumo wa kwanza, kisha wa pili, huku akigeuza skrubu kidogo kidogo hadi sauti zilingane.

"Mzee, umejuaje?" huuliza vijana wa gereji, waliozoea kompyuta.

"Sikiliza, mwanangu."

Husikiliza kidogo, kisha huenda zao.

MGB ziliacha kuundwa mwaka 1980, ila vipuri vyake vingali vyaagizwa kutoka Uingereza. Sikio haliagizwi. Ama kwa hakika, maarifa hayo yaliyofunzwa kwa Kiswahili cha gereji yanamngoja kijana mmoja mwenye subira, kalamu na daftari, kabla mzee hajaondoka nayo.