Hao Wasio na Uelewa

Barua ya kuombea nafasi ya shahada ya uzamili katika sera za umma niliiandika Kigombe, barazani kwa mjomba. Nilianza na mwaka 2009, ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayofika hadi kijijini kwetu. Kisha nikaandika: "Wavuvi wengi hawana uelewa wa uhifadhi." Niliiona sentensi ya kisomi.

Nikamsomea mjomba, aliyekuwa akitengeneza jarife lake.

"Hao wasio na uelewa ni sisi?"

Nikanyamaza. Jarife ndilo wavu unaonasa silikanti kule kilindini. Ndilo pia lililonisomesha: ada yangu ya kidato cha tano ilitokana na papa na taa aliowavua mjomba.

Nikaifuta sentensi. Mahali pake nikaandika swali: mvuvi akiacha jarife ili silikanti apone, ada ya mwanawe italipwa na nani?

Nilipata nafasi. Sasa nipo muhula wa tatu. Kila nikipiga simu nyumbani, baada ya salamu mjomba huniuliza: "Haya mwanangu, wameshakufundisha jibu?"

Bado, mjomba.