Ilagala: Mpira, Dagaa na Kadi ya Kliniki

Mwezi huu tunawapeleka Ilagala. Kigoma na Ujiji wengi mmezisikia, ila Ilagala ni wachache waliofika. Sisi wenyewe hatukuwa tumefika mpaka Julai 2019, tulipoalikwa na akina mama wa kanisa la huko kusali nao na kukaa nao siku tatu.

Tulitoka Ujiji asubuhi kwa gari dogo lililojaa watu, kuku na madumu matupu. Tulivuka Mto Luiche, tukapita mashamba ya mihogo na michikichi, tukala vumbi vya kutosha. Ilagala iko katika Wilaya ya Uvinza, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Kabla hujaona nyumba unasikia harufu mbili: mawese yanayochemshwa na dagaa waliotandazwa juani. Ng'ambo ya ziwa, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo inaonekana kama iko jirani.

Kazi za akina mama wa pale zilitutia aibu. Usiku wanaume wako ziwani na karabai zao. Alfajiri mitumbwi ikirudi, mama yuko ufukweni na beseni, halafu anaanika dagaa, halafu chikichi zinamngoja kuchemshwa na kukamuliwa. Wakati huo mtoto yuko mgongoni. Somo letu la siku ya kwanza lilikuwa habari ya mizani katika Mithali. Tulipofika kwenye mizani ya udanganyifu wakaangaliana na kucheka, kwa maana dagaa hupimwa kwa kopo, na kila soko lina kopo lake.

Jioni tulipelekwa kuangalia mpira. Kigoma ni nchi ya mpira, wala si maneno ya kujisifu. Kipa Juma Kaseja, aliyedakia timu ya taifa miaka mingi, ni mtoto wa huko. Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mgumu na magoli ya mianzi yasiyo na nyavu. Tulipouliza nyavu ziko wapi, mwenyeji wetu alijibu, "Dada zangu, wavu ukionekana hapa, usiku huo huo uko ziwani."

Kijana wake alikuwa akicheza pembeni kushoto, pekupeku. Hatujui mpira sana, lakini hata sisi tuliona. Alikuwa akiupata mpira watoto wote wa pembeni wanasimama.

Usiku, baada ya ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, mama huyo alitoa kopo la maziwa ya unga. Ndani, katika mfuko wa nailoni, mlikuwa na kadi ya kliniki ya mwanawe. Ilikuwa imelowa maji siku nyingi, lakini tarehe ilisomeka: Novemba 2002.

"Kuna bwana anazunguka vijijini anatafuta vijana," alisema. "Amempenda mwanangu. Anasema atamfikisha Dar es Salaam, kwenye majaribio ya Serengeti Boys. Ila niende nikale kiapo kwamba kadi imepotea na mtoto amezaliwa 2004."

Akatutazama. "Ninyi mmesoma. Nifanyeje?"

Hatukumjibu upesi. Serengeti Boys ni timu ya taifa ya vijana wasiozidi miaka 17, na miezi mitatu tu nyuma, Aprili 2019, nchi nzima ilikuwa imewasikiliza redioni wakicheza fainali za Afrika hapa hapa nyumbani. Walifungwa mechi zote tatu, ya kwanza mabao 5 kwa 4 na Nigeria, lakini watoto wa Ilagala walikuwa bado wanayataja mabao yale manne. Fainali zilizofuata zilikuwa za 2021, na za wale waliozaliwa kuanzia 2004. Miaka miwili tu! Mmoja wetu alikiri usiku ule kwamba na yeye aliwahi kumpunguzia mwanawe mwaka mmoja ili apokelewe shule. Kwa hiyo hatukuwa na mahali pa juu pa kusimama na kumhubiria mwenzetu.

Tulimweleza tuliyoyajua. Tanzania yenyewe ilikwisha kuonja uchungu huu. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za 2005 zilizochezwa Gambia, kisha wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yao ikaenda kwa Zimbabwe. Miaka kumi na zaidi baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2016 Kongo Brazzaville walitutoa kwa bao la ugenini, 3 kwa 2 Dar es Salaam na 1 kwa 0 kwao. Tanzania ikalalamikia umri wa kijana wao mmoja, akaitwa kupimwa, hakutokea, nao wakaondolewa. Ndipo vijana wetu wakaenda Gabon Mei 2017. Wakatoka sare na Mali, wakawafunga Angola, na katika mechi ya mwisho sare tu ingewatosha kwenda Kombe la Dunia la vijana India. Niger wakafunga bao moja.

Na Aprili 2018, hapo Burundi, si mbali na Kigoma, timu ya vijana ya Zanzibar iliondolewa kwenye mashindano ya Afrika Mashariki na Kati kwa kuwa baadhi ya wachezaji walizaliwa kabla ya 2002. Kombe lilichukuliwa na Serengeti Boys, waliowafunga Somalia 2 kwa 0. Tuliwafikiria watoto wale wa visiwani waliofunga safari ndefu namna ile, wakarudi bila mechi. Mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba hajijazi fomu mwenyewe.

"Wanapimaje?" mama aliuliza.

Tukamwambia kwamba tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 kuna kipimo cha MRI, mashine ya sumaku isiyo na mionzi, kinachopiga picha ya kifundo cha mkono. Mtoto akiwa bado anakua, karibu na ncha ya mfupa pana sehemu laini. Akikomaa, sehemu hiyo huungana na kuwa mfupa mmoja. Ikionekana imeungana kabisa, ni nadra sana mwenyewe awe chini ya miaka 17.

Aliushika mkono wake mwenyewe, akaubonyeza. "Kumbe mfupa unaweka tarehe."

Lakini hofu yake kubwa haikuwa mashine. Sisi wa mikoa ya ndani hatukuwa tumeliwaza jambo hili. Kigoma inapakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya maji, na wenyeji wake wanajua maana ya kuulizwa mara kwa mara, "Wewe ni raia wa wapi?" Cheti cha kuzaliwa kilikuwa adimu nchini kote, sensa ya 2012 ilionyesha kwamba hata watu 2 kati ya 10 hawakuwa nacho. Kwa mama huyu, kadi ile iliyolowa ndiyo iliyokuwa shahidi kwamba mwanawe alizaliwa Ilagala. "Nikiapa imepotea," alisema, "kesho akitafuta kitambulisho nitawaonyesha nini? Wakinikuta nimedanganya tarehe, wataamini nimezaa hapa?"

Tulisali pamoja, tukalala. Kwa kweli tulilala vibaya.

Asubuhi bwana yule alikuja. Mama akampa kadi mkononi. Aliisoma, akaikunja, akairudisha, akasema huyu ni mkubwa, akaenda nyumba ya pili. Kijana alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Hakusema kitu. Jioni hakwenda uwanjani. Alishuka ziwani na mjomba wake kupakia karabai.

Wakati ule hatukujua, wala bwana yule hakujua, kwamba Serengeti Boys wangefuzu fainali zile za 2021 huko Morocco, na kwamba zingefutwa kwa sababu ya korona, asicheze mtoto yeyote.

Siku ya kuondoka tulipewa dagaa na chupa ya mawese, vitu vizito kuliko tulivyokwenda navyo. Kijana ndiye aliyetubebea mizigo mpaka kwenye gari. Mama yake alimwita amshikie mtoto mdogo. Hakuitika. Akamwita tena, akaweka mzigo chini, akaenda.