Digidigi na tetere: majirani wawili, malezi tofauti

Gehandu, katika nchi ya Wairaqw kati ya Mbulu na Hanang, watoto wengi huwajua wanyama kabla hawajajua kusoma. Wakichunga ng'ombe na mbuzi vichakani, hukutana na majirani wawili wapole: digidigi, swala mdogo, na tetere, yule njiwa mwenye utepe mweusi shingoni.

Wote wawili huishi dume na jike. Digidigi hana makuu: urefu wake begani ni kama sentimita 40, na uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 7. Dume ndiye mwenye pembe, lakini jike humzidi kidogo kwa umbo. Tetere hula mbegu na lazima ashuke kunywa maji kila siku. Digidigi hupata maji mengi kwenye majani na umande.

Malezi ndiyo yanayowatenganisha. Tetere jike hutaga mayai 2 juu ya vijiti vichache. Baba na mama hupokezana kuyaatamia kwa takriban wiki 2, kisha wote hulisha makinda chakula laini kama maziwa kinachotengenezwa kwenye gole.

Digidigi hubeba mimba kwa miezi 5 hadi 6, akazaa mtoto mmoja. Baba hulinda eneo lao, lakini mwenye maziwa ni mama peke yake. Wiki 2 au 3 za mwanzo mtoto hufichwa kichakani, akatulia kimya, naye mama huja kumnyonyesha na kuondoka tena.

Hapo ndipo mzazi ana neno la kumwambia mwanawe. Mtoto akimkuta ndama wa digidigi amelala peke yake, humwonea huruma, akadhani ametupwa, akambeba nyumbani. Ndama huyo hajatupwa. Akichukuliwa, mama atarudi asimkute, na maziwa ya ng'ombe mara nyingi hayamwokoi. Tena, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumkamata mnyamapori bila kibali.

Manati nayo ina hesabu yake. Tetere mmoja akiuawa, makinda hupoteza nusu ya walezi wao. Mbwa akimkamata digidigi jike, ndama aliyefichwa hufa njaa hata kama baba yupo.

Basi mwambie mwanao leo, kabla mifugo haijatoka zizini: ukimkuta mtoto wa mwituni ametulia, rudi nyuma taratibu, mwite mbwa wako, uende zako. Mama yake hayuko mbali.