Psycho ya Dola 25, Muvi ya Shilingi 20

Desemba iliyopita niliteremka Ruiru na diski moja ndani ya begi, nimeifunika kwa soksi isije ikavunjika. Ilikuwa Psycho ya Alfred Hitchcock, toleo la 4K lililotolewa mwaka 2020 filamu hiyo ilipotimiza miaka 60. Niliinunua Lowell, Massachusetts, ninakoishi, kwa dola 25, yaani zaidi kidogo ya shilingi 3,200. Binamu yangu ana duka la muvi karibu na stendi ya Ruiru. Aliigeuza geuza, akasoma bei ambayo sikuwa nimeibandua, kisha akaniuliza: "Pesa yote hii ni ya muvi moja? Kwa hizo ningekuwekea 160."

Hesabu yake haina kosa. Kwake unafika na flashi, unachagua kwenye kompyuta, analipwa mbao, yaani shilingi 20, kwa kila muvi na unaondoka. Miaka ya nyuma alikuwa akiuza DVD za hamsini zilizopangwa ukutani, na kabla yake, marehemu baba yake alikodisha kanda za video kule Makongeni, Thika. Familia hii imekula kutokana na filamu kwa vizazi viwili. Ndiyo maana swali lake sikulipuuza. Wengi wetu tulio Marekani tunaulizana jambo hilo hilo kila Krismasi inapokaribia: filamu ya taharuki uliyoiona mara kumi, kwa nini uinunue tena eti kwa sababu imetolewa upya?

Nianze na kinachonunuliwa. Picha ya DVD tulizozoea Kenya ina nukta 720 kwa 576. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, mara 20 zaidi. Lakini nukta peke yake hazileti kitu. Psycho, ya mwaka 1960, ilipigwa kwa filamu halisi ya milimita 35, na filamu hiyo inabeba maelezo mengi kuliko DVD ilivyoweza kuonyesha. Watu waliokwenda kwenye mkanda wa asili na kuuchanganua upya walitoa vitu vilivyokuwa humo tangu siku ya kwanza: kitambaa cha koti, matone ya mvua kwenye kioo cha gari la mhusika Marion, giza lenye ngazi zake badala ya doa jeusi. Toleo hilo lilirudisha pia vipande vya sekunde chache vilivyokuwa vimekatwa katika nakala za Marekani kwa miongo mingi. Kwangu mimi hilo ndilo lililohalalisha dola 25. Nilikuwa nimeiona Psycho tangu nikiwa kidato cha pili na kumbe sikuwa nimeiona yote.

North by Northwest ni vivyo hivyo. Hitchcock aliipiga kwa VistaVision, mfumo ambao kila picha huchukua nafasi kubwa zaidi kwenye mkanda, na toleo la 4K la mwaka 2024 lilitokana na mkanda huo wa asili. Ile ndege inayomfukuza Cary Grant shambani, unaliona vumbi lake likitanda. Hiyo nunua.

Si kila boksi lenye maandishi ya dhahabu linastahili hivyo, na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Mnaikumbuka Predator? Hakuna mtoto wa Thika wa miaka ya tisini asiyemjua yule kiumbe wa msituni. Mwaka 2010 ilitolewa Blu-ray yake "mpya", na waliotengeneza walifuta chembechembe za filamu kwa kompyuta mpaka uso wa Schwarzenegger ukawa kama sanamu ya nta. Chembechembe hizo ndizo filamu yenyewe. Ukizifuta unafuta na vinyweleo, jasho na makunyanzi. Mwaka 2009, The French Connection ilitoka na rangi zilizobadilishwa na mwongozaji William Friedkin mwenyewe. Mpiga picha wake, Owen Roizman, aliikataa hadharani, na mwaka 2012 likatoka toleo jingine lenye rangi zilizorekebishwa. Aliyenunua la kwanza alilipa mara mbili. Na mwaka 2024, True Lies ilipofika kwenye 4K, wengi tuliona nyuso zilizonolewa na mashine kupita kiasi. Ile muvi inayochezwa Ruiru mpaka leo, mimi ningeiacha kwenye flashi.

Tuirudie diski yangu. Jioni ya kwanza haikucheza. Deki ya binamu ni ya DVD, na diski ya 4K haisomeki humo hata ukiisugua. Nilikuwa nimebeba mashine yangu kutoka Lowell, ila nayo ilikuwa ya volti 120 pekee, na stima ya Kenya ni 240. Bahati nzuri fundi mmoja wa mtaani alitushika mkono kabla hatujaichomeka, alisoma kibandiko cha nyuma akasema, "Mkiweka hii hapa, mtanusa moshi." Tukaenda Thika kutafuta transfoma ya kushusha umeme. Kesho yake saa mbili usiku ndipo Psycho ilipoanza, nyumbani kwa shangazi, kwenye runinga ya inchi 32.

Na kwenye inchi 32, ukiwa umekaa kwenye kochi mita tatu kutoka ukutani, jicho la kawaida haliwezi kuitofautisha 4K na Blu-ray. Hilo lazima niliseme wazi kwa yeyote anayepanga kumbebea mzazi wake diski. Tofauti inaanza kuonekana kwa runinga kubwa, tena yenye uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja. Bila hiyo umebeba lebo tu.

Lakini usiku ule nilijifunza kitu ambacho Lowell sikuwa nimekipata. Kule huwa naangalia peke yangu, taa zimezimwa, simu iko chumba kingine. Kwa shangazi tulikuwa watu tisa. Marion alipoingia bafuni, shangazi alisimama: "Wee mama, funga mlango! Si uko ugenini?" Binamu yangu mdogo akaanza kutafsiri kwa sauti ya msimuliaji wa muvi DJ Afro, na filamu ya mwaka 1960 ikawa inatokea Kimbo, kwenye gesti ya kando ya barabara kuu. Norman, mwenye moteli, akapewa jina la Kikuyu. Hakuna aliyeuliza picha ina nukta ngapi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumbani nako kuna matoleo yaliyoboreshwa, na watu wameyalipia miaka mingi. Muvi ya DJ Afro ni toleo jingine kabisa la filamu ile ile: sauti moja inaingia juu ya mazungumzo ya Kiingereza, inaeleza, inaongeza, inawapa wahusika nia na majina. Kampala wana VJ Jingo. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kule ugenini tunaongezewa picha, huku tunaongezewa sauti. Picha ya muvi ya mbao imebanwa mpaka nyuso zinakatika vipande, na bado mteja anaichagua akiacha nakala safi isiyo na maelezo. Tuseme ukweli pia: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, nakala hizo ni haramu, kwani zinauzwa bila ruhusa ya mwenye kazi, na hakuna shilingi inayomfikia. Binamu anajua. Tumelizungumza, na hatukumaliza.

Jambo moja linatuunganisha, Lowell na Ruiru: kutaka filamu iwe mkononi. Netflix ilifunga huduma yake ya kutuma DVD kwa posta Septemba 2023, na baadhi ya maduka makubwa ya Marekani yameziondoa diski kwenye rafu. Filamu unayoitazama mtandaoni leo inaweza kuondolewa kesho bila taarifa. Diski yangu haiondolewi. Flashi ya shangazi nayo haili bando, na inafanya kazi siku ambayo intaneti imegoma. Ukiishi Massachusetts, kabla hujatoa dola 25, pitia maktaba ya mji. Pollard Memorial hapa Lowell inaazima diski bure. Mfululizo wa runinga wa The Flame Trees of Thika wa mwaka 1981 niliuona kwa mara ya kwanza kwenye DVD, nikiwa Marekani, wakati mimi nimezaliwa umbali wa kutembea kutoka maporomoko ya Chania. Si wa taharuki, lakini kuuona kwanza ugenini kuliniuma.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama filamu ilipigwa kwa mkanda halisi, na kasha linasema mkanda wa asili umechanganuliwa upya, na runinga yako ni kubwa, nunua bila kusita: Psycho, Vertigo, Rear Window, North by Northwest. Kama ni ya miaka ya 2000 mwanzoni, uliza kwanza; nyingi za wakati huo zilimaliziwa kwenye kompyuta kwa 2K, na 4K yake ni kunyoosha tu kilichokuwa kidogo. Kumbebea mtu wa nyumbani, Blu-ray inatosha, na mashine iwe ya volti 100 hadi 240. Tafadhali kisome kibandiko cha nyuma kabla ya kupanda ndege.

Kuna diski ambayo ningeilipia hata dola 50: ya filamu ya Kenya iliyochanganuliwa upya namna hiyo. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ndiyo filamu ya uhalifu niliyoombwa zaidi na Wamarekani niwatafutie. Saikati ya Anne Mungai ni ya mwaka 1992. Kolormask ya Sao Gamba ni ya mwaka 1986, na ilipigwa kwa mkanda, kama Psycho. Katika maduka yote niliyoingia Ruiru na Thika mwezi ule, nikitaja Kolormask nilijibiwa kwa swali: "Hiyo ni gani?" Waliookoa Psycho walianza na mkanda uliotunzwa. Wewe unayesoma hapa, kama baba yako au mjomba wako aliwahi kufanya kazi ya filamu Kenya, na kuna makopo ya mikanda kwenye stoo yenu, usiyatupe wala kuyaacha kwenye unyevu. Yatoe, andika juu yake jina na mwaka, na uiarifu Tume ya Filamu ya Kenya kwamba yapo.