Paa Tuliloliteremsha Makusudi

Mzozo wa ardhi ya Chebyuk ulipozua mapigano Mlima Elgon mwaka 2006, familia yetu ilitawanyika. Hadi jeshi lilipoingia kwa Operesheni Okoa Maisha, Machi 2008, mama alikuwa kwa jamaa Bungoma, nami kwa shangazi Kitale. Kabla ya kufika huko tulilala chini ya turubai lililotiwa viraka vya magunia ya mahindi, na mvua ya upande huo inajua kutafuta tundu.

Kwa miaka mingi sikuweza kusimulia. Nikiulizwa kwetu ni wapi, nilitaja soko la karibu tu. Nilichoweza ni kushona. Niliokota magunia ya kilo 90 yaliyotoboka, nikayaunga. Nilitaka kulitazama lile turubai nikiwa nimesimama.

Shangazi aliniangalia, akasema, “Mwanangu, hii si kazi ya mikono miwili.” Akawaita wenzake.

Walikuja kina mama wa Kibukusu na wa Kisabaot, wengine kutoka Bungoma, kila mmoja na alichonacho: neti kuukuu, bati lenye kutu, leso iliyombeba mtoto njiani. Anayeshona huinamia sindano, hatazamwi usoni, na hapo ndipo maneno yalipotoka. Waliokuwa wakikwepana sokoni walipokezana uzi.

Tulisimika fito uwanjani, tukatundika kazi yetu juu yake. Paa tuliliteremsha makusudi, kimo kilekile cha turubai, ili kila anayeingia ainame. Mzee mmoja aliingia kimya. Alipotoka alianza kututajia miti ya boma lake, mmoja baada ya mwingine.

Baadaye nilijifunza juu ya El Anatsui, msanii Mghana aliyekuwa akiunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, pamoja na wasaidizi wengi, huko Nsukka, Nigeria. Nilifurahi mno kujua hatuko peke yetu. Ila kazi zake hutunzwa katika makumbusho. Yetu ina sharti kwamba cha mtu hurudi kwake. Mavuno yalipofika tuliifumua. Magunia yaliyofaa yalijazwa mahindi, bati likaezeka banda la kuku.

Kabla hatujaifumua, mama alikuja kutoka Bungoma. Alishona kona moja, na usiku huo tukazungumza juu ya shamba letu. Sasa wenzake wanataka tusimike nyingine kwao. Mama anatafuta fito.