Chini ya Sale

Gramps, programu ninayotumia kuandikia ukoo wetu, hutenganisha mambo mawili: maziko ni tukio, lenye tarehe na mahali, jiwe la kaburi ni chanzo cha habari tu, kama cheti au barua. Naupenda utengano huo. Msalaba wa zege wa babu unasema alizaliwa 1931, ila uliwekwa miaka mingi baada ya maziko, na bibi anasema mwaka huo walikisia tu. Basi nimeandika "takriban 1931", na picha ya msalaba nimeiambatisha kama ushahidi.

Kazi ipo kwa shangazi, aliyefariki angali mtoto. Amelala kihambani kwetu Machame, katikati ya migomba, na alama yake ni sale. Hakuna jiwe la kupiga picha. Kwenye chanzo nimeandika: bibi, kwa mdomo wake. Nikasimama pale na simu, nikanakili latitudo na longitudo. Simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo nikapima pia kwa miguu: hatua 14 kutoka mfereji. Baba mdogo ameshaleta mnunuzi mara mbili, na mara zote amemwambia upande ule hauna kaburi.